SOMO LA KAMATI: HURUMA INAYOULIZA

Someni: Mwanzo 4:1–12, Luka 10:25–37



Habari za mauaji ya halaiki katika nchi ya mbali zikitufikia hapa Irente, huwa tunafanya mambo mawili: tunaomba na tunatoa sadaka. Yote ni mema. Somo hili linaongeza la tatu, nalo ni kuuliza.

Mwaka 1994, katika siku 100 hivi, watu wapatao 800,000, wengi wao Watutsi, waliuawa Rwanda. Tarehe 28 Aprili wakimbizi walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, na kwa muda wa siku moja hivi wapatao 250,000 waliingia wilayani Ngara. Hivyo ndivyo kambi ya Benaco ilivyoanza. Mashirika yalipeleka maji, chakula na dawa, likiwemo TCRS, lililoanzishwa na Walutheri mwaka 1964. Maisha ya wengi yaliokolewa.

Lakini wauaji nao walikuwa wamevuka. Chakula kilipogawiwa kupitia viongozi wa kule walikotoka, baadhi yao waliohusika na mauaji wakaendelea kutawala kambini. Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuongoza eneo la Murambi, alikuwa Benaco. Ilipotakiwa aondolewe, Juni 1994, umati ulizuka kumtetea na kuwatisha watoa misaada. Baadaye mwaka huo Madaktari Wasio na Mipaka wa Ufaransa waliamua kuondoka. Wengine walibaki, maana watoto walihitaji kula. Hakuna uamuzi uliokuwa mwepesi.

Haki ilichelewa, ila ilifika. Umoja wa Mataifa uliunda mahakama Novemba 1994, na makao yake yakawa Arusha. Gatete alikamatwa 2002, akatiwa hatiani 2011, na rufaa ya 2012 ikampa miaka 40. Mashahidi waliothubutu kusema ndio waliowezesha hayo.

Tunajifunza nini?

1. Msaada ufike kwenye kaya yenyewe, usiishie mikononi mwa mkubwa mmoja.

2. Ulinzi, orodha sahihi na kumbukumbu za mashahidi ni sehemu ya msaada. Mfadhili asiuone mchango wake umepotea ukitumika huko.

3. Tuseme mapema. Redio RTLM iliwaita Watutsi mende kabla ya mapanga kufanya kazi. Neno la namna hiyo likisikika sokoni au hata baada ya ibada, likemewe siku hiyo hiyo.

Maswali ya kujadili

a) Sadaka yetu ya mwisho kwa wenye dhiki ilipita kwa nani, na nani alihakiki?

b) Kama tungekuwa Benaco, tungebaki au tungeondoka? Kwa nini?

c) Ni kundi gani katika mtaa wetu linalotajwa kwa dharau, nasi tunanyamaza?

Katibu wa kamati aandike majibu na kuyaleta ofisi ya miradi kabla ya toleo lijalo. Swali la kwanza lijibiwe kwa maandishi hata kama jibu lake linaaibisha.