Kumfundisha Mtoto Kupima Habari

Hapa Tarakea, mpakani na Kenya, habari humfikia mtoto kwa njia nyingi: redio za nchi mbili, simu za wazazi na maneno ya sokoni. Mwalimu hawezi kuzizuia. Awezalo ni kumfundisha mtoto kuzipima. Je, mafunzo hayo huzaa matunda?

Jirani zetu wa Uganda walilijaribu jambo hili mwaka 2016 katika shule za msingi 120. Kwa kura, nusu ya shule zilipewa kitabu cha hadithi na michoro pamoja na masomo tisa ya kupima madai ya tiba, nusu hazikupewa. Mwisho wa muhula, katika kila watoto 100 waliofundishwa, 69 walifaulu mtihani. Kwa wasiofundishwa walifaulu 27. Baada ya mwaka mmoja hesabu ilikuwa 80 kwa 52. Basi mafunzo hayakusahaulika. Hata hivyo tusizidishe sifa: kujibu mtihani ni jambo moja, kutenda nyumbani ni jingine.

Sisi nasi tuliwahi kukosea. Tuliwaambia wanafunzi wa darasa la tano wasisadiki kila wasikialo. Walilikariri neno hilo vizuri, kisha mmoja akauliza: "Mwalimu, na chanjo aliyotuambia muuguzi tuikatae?" Hapo tukatambua kwamba tulikuwa tumefundisha shaka, wala si kupima.

Kwa hiyo twashauri hatua hizi:

1. Leta dai moja lijulikanalo. Mwaka 2011 maelfu ya watu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa, kwa kuwa walisikia fulani amepona.

2. Wanafunzi waulize: Nani asema? Amejuaje? Waliokunywa wamelinganishwa na wasiokunywa?

3. Leta dai la pili lililothibitishwa, kama vile chanjo ya surua, walipime kwa maswali yale yale. Hatua hii isirukwe, kwani ndiyo imwonyeshayo mtoto kuwa kupima si kukataa.

4. Juma lifuatalo, kila mmoja alete dai alilolisikia nyumbani. Waonye wasimbeze mzazi; waulize kwa adabu.

Zoezi: Ndugu mwanachuo, chagua dai moja ulilolisadiki wewe mwenyewe mwaka huu. Lipime kwa maswali hayo matatu kabla hujaingia darasani.