Mada ya 9: Diski za Kuakisi, Diski za Milia na Mifumo Endeshi Miwili

Utangulizi
Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kompyuta, kwa mfano Windows au Linux. Kompyuta moja inaweza kuwekewa yote miwili, mtumiaji akachagua mmoja kila anapoiwasha. Diski zake nazo zinaweza kuunganishwa kuwa safu. Utaratibu huo huitwa RAID, na ulielezwa mwaka 1988 na Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marekani. Aina mbili za kukumbuka ni hizi:

RAID 1 (kuakisi): Data ileile huandikwa kwenye diski zote mbili. Moja ikiharibika, nyingine inaendelea na kazi.

RAID 0 (milia): Data hukatwa vipande na kugawanywa kwa zamu kati ya diski, kama milia ya punda. Kasi huongezeka, lakini diski moja ikiharibika, data ya safu nzima hupotea.

Swali la mfano
Shule ina kompyuta yenye diski nne, A, B, C na D, kila moja GB 500. A na B zinaakisiana. C na D ni za milia.
(a) Tafuta nafasi inayoweza kutumika.
(b) Chukulia kuwa uwezekano wa kila diski kuharibika ndani ya mwaka ni 1/10, na kwamba diski haziathiriani. Tafuta uwezekano wa kila safu kupoteza data.
(c) Alama za wanafunzi zihifadhiwe wapi?
(d) Taja hatua za kuweka Windows na Linux.

Jibu
(a) Kuakisi: GB 500. Milia: 500 + 500 = GB 1000. Jumla ni GB 1500.

(b) Safu ya kuakisi hupoteza data zikiharibika diski zote mbili: 1/10 × 1/10 = 1/100. Safu ya milia hupona endapo tu zote mbili ni nzima: 9/10 × 9/10 = 81/100. Hivyo uwezekano wa kupoteza ni 1 − 81/100 = 19/100.

(c) Kwenye A na B. Safu ya C na D itumike kwa kazi zinazohitaji kasi na zinazoweza kurudiwa, kama kuhariri video ambazo zina nakala kwingine.

(d) Hatua:
1. Hamishia data yote kwenye diski ya nje, kwa sababu kuunda safu kwa kawaida hufuta kilichomo.
2. Unda safu kwenye kidhibiti cha diski ambacho mifumo yote miwili inakitambua.
3. Weka Windows kwanza na uache nafasi tupu kwa ajili ya Linux.
4. Weka Linux. Programu yake ya kuanzishia huonyesha orodha ya kuchagua mfumo. Ukianza na Linux, Windows inaweza kujiweka mbele na kuificha.
5. Jaribu kuwasha kila mfumo kabla ya kurudisha data.

Zingatia
Watahiniwa wengi huandika kuwa kuakisi ni sawa na kutunza nakala rudufu. Si kweli. Mimi mwenyewe niliwahi kufuta kimakosa faili la alama kwenye kompyuta yenye diski za kuakisi. Lilifutika kwenye diski zote mbili papo hapo, nikalazimika kujumlisha upya karatasi za darasa zima. Kuakisi hukukinga na diski mbovu tu; hakukukingi na kosa la mkono, virusi wala wizi. Nakala rudufu hukaa kwenye diski nyingine, mbali na kompyuta.

Jipime
1. Diski mbili za GB 250 zinaakisiana. Nafasi inayotumika ni ngapi?
2. Diski tatu zimepangwa kwa milia, kila moja ikiwa na uwezekano wa 1/10 kuharibika. Tafuta uwezekano wa kupoteza data.
3. Eleza kwa nini shule yenye RAID 1 bado inahitaji nakala rudufu.

Majibu: 1. GB 250. 2. 271/1000. 3. Rejea Zingatia.