Kabla Hujakubali "Kupigiwa Windows"

Wanachuo wenzangu, laptopu ikianza kuleta maandishi ya ajabu, fundi ana jibu moja: "Ilete nipige Windows." Mara nyingi maana yake diski C inaformatiwa, na vilivyoko Desktop na Documents vinaondoka. Huku Mitole, Kilwa, nilipo kwa mafunzo ya ualimu kwa vitendo, mwenzangu alikuwa na maazimio ya kazi na alama za Kidato cha Pili kwenye mashine ya namna hiyo. Hatukuipeleka kwa fundi.

Faili za mfumo zikipotea au kuharibika, nzima zipo kwenye flashi ya kuinstolia. Unarudisha hizo tu, kazi zako huzigusi.

Kama mashine inawaka, fungua cmd kama administreta, andika:

sfc /scannow

Inakagua na kurudisha faili kutoka akiba iliyomo ndani ya mashine. Ikisema baadhi zimeshindikana, huenda akiba yenyewe ni mbovu. Hapo inaingia DISM, ambayo kwa kawaida hutafuta faili intaneti, na bando unalijua mwenyewe. Iambie isome flashi (yetu ilikuwa E):

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:WIM:E:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Ukikuta install.esd, andika ESD badala ya WIM, na jina la faili pia libadilishe. Hiyo 1 ya mwisho ndiyo inayokwamisha wengi: ni namba ya toleo, Home au Pro. Itafute hivi:

DISM /Get-WimInfo /WimFile:E:\sources\install.wim

Flashi ifanane na Windows yako. Andika winver uone. Flashi ya Windows 11 haitibu Windows 10. Ikimaliza, rudia sfc.

Isipowaka kabisa, iwashe kwa flashi, ila Install usiiguse. Chagua Repair your computer, Troubleshoot, mpaka Command Prompt:

sfc /scannow /offbootdir=C:\ /offwindir=C:\Windows

Herufi za diski hapo huweza kubadilika, kwa hiyo anza na dir C:\ uone kama folda ya Windows ipo. Ila diski ikiwa inagongagonga, zima mashine. Hilo si tatizo la faili.

Flashi itengeneze chuoni, kwa Wi-Fi ya bure, kabla hujapanda basi. GB 8 zinatosha.