UGONJWA UNAPOPITA KATIKA NJIA ZA WEMA

Somo la Ijumaa: namna ya kuishi wakati wa maradhi ya kuambukiza

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baad.



Somo la leo linahusu jambo ambalo nchi yetu imelijua kwa machozi. Tangu tarehe 1 Agosti 2018 hadi tarehe 25 Juni 2020, Ebola ilitembea Kivu ya Kaskazini, Ituri na kugusa Kivu ya Kusini. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani (OMS), waliougua ni 3,470, na waliokufa ni 2,287. Kabla haijaisha, tarehe 10 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Korona alitangazwa Kinshasa. Mwezi huo huo nyumba za ibada zilifungwa, zikafunguliwa tarehe 15 Agosti. Ramadhani ile na Idi zote mbili zilitukuta majumbani. Tarehe 14 Agosti 2024 OMS ikatangaza hatari ya kimataifa kwa ajili ya mpox, na Kongo ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi kuliko nchi zote. Septemba 2025 Ebola ikatangazwa tena huko Bulape, Kasai, ikaisha Desemba.

Basi tusingoje siku ya hofu ndipo tuanze kujifunza. Mwenye kujifunza kuogelea siku ya mafuriko amechelewa.

1. JAMBO LA KUFAHAMU KWANZA

Ndugu msomaji, virusi havina miguu. Vinabebwa na watu, na mara nyingi vinabebwa katika matendo yetu mazuri. Tazama mwenyewe. Kumzuru mgonjwa ni wema. Kupeana mkono ni wema. Kula pamoja katika sinia moja ni wema. Kusimama bega kwa bega katika safu ni ibada. Kuosha maiti ya mzazi wako ni haki yake ya mwisho kwako. Lakini hizo ndizo njia ambazo maradhi haya yanapita.

Ndiyo maana ugonjwa huwapata kwanza wale wenye huruma: mama aliyempakata mtoto wake, binti aliyefua shuka za babake, muuguzi wa kituo cha afya, wazee wanaoitwa kuosha maiti. Mtu anayeambukizwa namna hiyo hakutenda dhambi. Kwa hiyo asilaumiwe wala asichekwe.

Hapa watu hukosea kwa namna mbili. Wa kwanza husema: "Mimi namtegemea Mungu, siogopi kitu," akashika kila kitu, kisha akawapelekea watoto wake ugonjwa. Wa pili huogopa kupita kiasi, akamwacha ndugu yake peke yake kama kwamba si mtu. Njia ya Uislamu ni ya katikati: wema hauachwi, ila hubadilishiwa njia. Hilo ndilo somo letu lote la leo.

2. MAFUNZO YA MTUME (S.A.W.) NA MASAHABA

Wako wanaodhani kwamba kujikinga ni jambo lililoletwa na wazungu. Sivyo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba tukisikia tauni iko katika nchi fulani tusiingie huko, na ikitukuta tuliko tusitoke kwa kuikimbia. Alikataza pia mwenye ngamia wagonjwa asiwachanganye na ngamia wazima wa mwenzake.

Tazama na kisa cha ujumbe wa Thaqif. Ndani yake alikuwamo mtu mwenye ukoma. Mtume (S.A.W.) alimpelekea habari kwamba kiapo chake cha utii kimekwisha kupokewa, arudi kwao. Watu waliapa kwa kumpa mkono, yeye alikubaliwa bila mkono. Hakukataliwa wala hakuvunjiwa heshima. Alipata haki yake kamili kwa njia nyingine.

Kisha Sayyidna Umar (R.A.). Alitoka Madina akielekea Sham. Alipofika Sargh, makamanda wake walimpokea na habari ya tauni. Akafanya shauri na Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda (R.A.) akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba naam, anaikimbia kadari ya Allah kuiendea kadari ya Allah. Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia katika bonde lenye pande mbili, moja lina majani na jingine ni kavu: popote atakapolisha, amelisha kwa kadari. Ndipo Abdurrahman bin Awf (R.A.) akaja na hadithi ile ya tauni, na Umar akamshukuru Allah.

Tauni ile ya Amwas ilikuwa mwaka wa 18 Hijria. Abu Ubayda alikufa ndani yake, na baada yake Muadh bin Jabal (R.A.). Amr bin al-As (R.A.) alipoachiwa uongozi aliwaamuru watu watawanyike milimani, wasikae pamoja, mpaka tauni ikaondoka. Je, hao walikuwa na imani ndogo kuliko sisi?

3. KILA UGONJWA UNA MLANGO WAKE

Mtu hawezi kufunga mlango asioujua. Tofautisha basi:

(a) KORONA hupita katika pumzi na mate madogo madogo tunapokohoa, kusema au kuimba. Mtu anaweza kuambukiza hata kabla ya kujisikia mgonjwa. Kinga yake ni nafasi kati ya watu, madirisha wazi, barakoa (kashe-ne) iliyofunika mdomo na pua, na chanjo, zaidi kwa wazee na wenye sukari au presha.

(b) EBOLA haipiti katika hewa kama Korona. Hupita kwa kugusa damu, matapishi, choo, jasho na maji mengine ya mwili wa mgonjwa au wa maiti, pia nguo na shuka zake. Mtu haambukizi kabla dalili hazijaanza. Dalili huanza kati ya siku ya 2 na ya 21. Kadiri mgonjwa anavyozidiwa, virusi huongezeka mwilini mwake, na maiti ndiyo yenye hatari kubwa.

(c) MPOX hupita hasa ngozi kwa ngozi, katika vipele, katika mambo ya mume na mke, na kwa kulalia shuka moja. Watoto huumwa sana.

4. TUFANYE NINI?

Udhu na mikono. Allah ametupa udhu mara tano, ni neema. Lakini fahamu: udhu wa maji matupu hausafishi mkono kama sabuni. Wakati wa ugonjwa, nawa kwanza kwa sabuni, katikati ya vidole na chini ya kucha, kwa muda wa sekunde 20, ndipo utie udhu. Tayamamu inakuhalalishia sala maji yakikosekana, lakini haiondoi virusi mkononi. Msikitini tusichovye mikono sote katika ndoo moja. Iwekwe bido yenye robine, au mmoja amiminie wenzake kwa birika. Mtume (S.A.W.) alikwisha kutukataza kutia mkono chomboni tunapoamka kabla ya kuunawa. Na alipopiga chafya alifunika uso wake kwa mkono au nguo.

Sala ya jamaa. Mwenye homa, kikohozi kipya au vipele asije msikitini, asali nyumbani. Asione kwamba amekosa thawabu. Ibn Abbas (R.A.), siku ya Ijumaa yenye mvua na matope, alimwamuru mwadhini awaambie watu wasali majumbani mwao, akasema kwamba aliye bora kuliko yeye alifanya hivyo, yaani Mtume (S.A.W.). Ikiwa matope yanatosha kuwa udhuru, je, ugonjwa unaoua jirani? Na serikali ikifunga misikiti kwa muda kwa sababu ya kweli, tusiseme dini imepigwa vita. Hija ya mwaka 2020 yenyewe ilifanywa na watu wachache tu waliokuwa tayari wanaishi Saudia.

Kumzuru mgonjwa. Mzuru kwa simu, kwa dua, kwa kumwekea chakula mlangoni, kwa kulipa motari wa kumpeleka hospitali. Usimfiche nyumbani wala usimhamishe usiku kwenda mji mwingine. Julai 2019 msafiri mmoja mgonjwa alipanda basi kutoka Butembo hadi Goma, na ikabidi waliosafiri naye wote watafutwe na kuchanjwa. Tena leo Ebola aina ya Zaire, ile iliyotupiga mara nyingi, ina dawa. Mojawapo ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995, na Profesa Jean-Jacques Muyembe wa nchi yetu alikuwa katika kazi hiyo. Ilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, ikaonekana kwamba waliofika mapema walipona kwa wingi. Aliyefichwa siku 5 amenyimwa dawa hiyo na wanaompenda.

Aliyeambiwa akae siku 21. Hapa, ndugu, ndipo jamaa yetu inapojaribiwa. Mtu aliyemgusa mgonjwa wa Ebola huangaliwa siku 21. Lakini wengi wetu tunakula kwa jasho la siku ile ile. Mama anayeuza sombe sokoni, asipotoka leo, watoto hawali bugali leo. Tukimwambia "kaa nyumbani" bila kumpelekea unga, makala na sabuni, tumemwamuru jambo asiloliweza, naye atatoka. Kosa litakuwa la nani? Kwa hiyo sadaka bora wakati wa ugonjwa ni ile inayomwezesha jirani kutotoka, awe Mwislamu au asiwe. Kila safu ya msikiti huu ijue ni nani hayupo, na kwa nini.

Maiti. Hili ndilo zito kuliko yote, nasi hatulipiti haraka. Kumwona baba yako anatiwa katika mfuko na watu waliovaa mavazi ya plastiki, nawe hukumwosha, ni uchungu mkubwa. Lakini sheria ya Allah haimtwishi mtu asichokiweza. Kuosha kukiwa ni hatari kwa waoshaji, wanazuoni wameruhusu tayamamu. Na ikiwa hata kugusa ni hatari, huachwa, na maiti husaliwa. Mwongozo wa OMS wa mwaka 2014 kuhusu maziko salama yenye heshima umetaja Waislamu waziwazi: Mwislamu aliye ndani ya kikundi cha maziko, mwenye glavu, hugusa mchanga safi au jiwe kisha hupitisha mikono juu ya mfuko, mahali pa mikono na uso wa marehemu. Sanda nyeupe inaweza kuzungushwa juu ya mfuko. Jamaa husimama mbali kidogo, wakasali, wakashuhudia kaburi.

Kwa hiyo familia iulize mapema na kwa adabu: Je, yuko Mwislamu katika kikundi? Tayamamu imefanywa? Tunaweza kusali hapa? Uso wake utaelekezwa kibla? Hizo ni haki zenu kuziomba. Sala ya jeneza ni faradhi ya kutoshelezana. Wachache wakiisali imewatosha wengine. Na kumbukeni bishara ya Mtume (S.A.W.) kwamba Mwislamu anayekufa kwa tauni ana daraja ya shahidi. Shahidi wa vita naye hazikwi kwa kuoshwa, na hakuna anayesema amedharauliwa.

5. ULIMI NAO UNAAMBUKIZA

Wakati wa Ebola ilisemwa kwamba ugonjwa haupo, ni biashara. Ni kweli kwamba fedha nyingi ziliingia, na watu waliokwisha kuuawa vitani miaka mingi bila msaada walikuwa na sababu ya kuuliza maswali. Kuuliza si kosa. Lakini maneno yasiyochunguzwa yalichoma vituo vya matibabu, na tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, mtu wa Kamerun aliyekuja kutusaidia, aliuawa hospitalini Butembo. Habari ikikufikia kwenye simu, ichunguze kabla ya kuituma. Muulize muuguzi unayemjua, muulize imamu wako.

Wala tusiwatenge waliopona. Huko Beni na Katwa, waliopona Ebola ndio waliowabeba na kuwalisha watoto wachanga ambao mama zao walikuwa ndani ya kituo, kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga. Waliokimbiwa na jirani zao ndio waliokuwa walezi.

MASWALI YA DARASA

1. Ni tendo gani jema katika nyumba yako ambalo lingeweza kupitisha ugonjwa? Utalibadilishia njia gani?
2. Kwa nini tayamamu haitoshi kuwa kinga?
3. Jirani yako akiambiwa akae siku 21, mtaa wenu utampelekea nini, na nani atapeleka?
4. Ni mambo gani manne familia iulize wakati wa maziko salama?

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliokufa bila sisi kuwaosha, walinde waganga na wauguzi wetu, na utufanye kinga kwa jirani zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.

Ndugu, usisome karatasi hii imamu anapohutubu. Ina majina matukufu, usiitupe chini. Ukiisha kuisoma, nawa mikono, kisha mpe jirani yako.