Namba Nyuma ya Stika: Mafunzo Niliyopata Katika Programu za Bima

Kazi yangu ni kusanidi programu za bima ya magari Tanzania: aina za bima, viwango vya ada, na namba zinazotofautisha kila mteja, kila gari na kila mkataba. Wakubwa huangalia zaidi skrini anayoiona wakala. Mimi naziangalia namba, kwa sababu siku ya ajali ndizo zinazoamua kama majeruhi atalipwa mapema au atazungushwa.

1. Namba ya ndani isibebe maana. Watu wa biashara hupenda namba ya mkataba inayojieleza: tawi, aina ya bima, mwaka. Inapendeza hadi tawi la Moshi liunganishwe na la Arusha, au mteja wa bima ndogo ahamie bima kubwa katikati ya mwaka. Hapo ama ubadilishe namba, na kila risiti na faili la madai lililoitaja lipotezane nayo, ama uiache iseme uongo. Nasisitiza ziwe mbili: ya ndani isiyobadilika kamwe, na ya kuchapishwa kwenye hati, ambayo biashara iipambe itakavyo.

2. Gari lisitambuliwe kwa namba ya usajili pekee. Gari la serikali likiuzwa kwa mtu binafsi hupewa namba nyingine. Halafu wakala mmoja huandika T 123 ABC, mwenzake T123ABC, na programu isiyoondoa nafasi huona magari mawili. Namba ya chesisi ni bora, ila nayo ina mtego wake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3779 kinadai herufi na tarakimu 17, bila I, O wala Q zinazofanana na 1 na 0, na programu kutoka nje huweza kuja zimefungwa kwenye kanuni hiyo. Magari yetu mengi yametumika Japani kwanza, na chesisi zake zina namba fupi: msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Usipoilegeza kanuni, wakala atajaza sifuri mpaka fomu ikubali, na siku ya madai chesisi iliyoandikwa haitalingana na iliyogongwa kwenye chuma.

3. Namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, ihifadhiwe kama maandishi. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba. Zilizobaki huzigeuza sifuri. Orodha ya wateja ikipita huko kabla ya kupakiwa, tarakimu za mwisho, zinazosaidia kuwatenganisha waliozaliwa siku moja, ndizo zinazopotea.

4. Msimbo wa aina ya bima hustaafishwa, haufutwi. Bima uliyoacha kuiuza bado ina mikataba, na madai ya mtu wa tatu huweza kuja miaka baadaye.

5. Mazingira ya majaribio na mfumo halisi vikubaliane. Hili ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Ukiiachia hifadhidata ijipangie namba, safu ya 57 huku itakuwa kinga ya moto na kule kinga ya wizi. Usanidi ukihamishwa, kila kanuni ya ada iliyotaja 57 itatoza kitu kingine, na hakuna kosa litakaloonekana kwenye skrini. Kila kinga ipewe msimbo wake uliotungwa na watu na ulio sawa kila mahali, na kanuni ziutaje huo. Jina linaloonekana kwa mteja likae pembeni, lirekebishwe bila kugusa msimbo.

6. Ombi la bima nalo lipewe namba kabla halijatumwa. Mtandao ukisuasua, wakala hubonyeza tena, na gari moja linapata mikataba miwili. Namba itolewe fomu inapofunguliwa. Ombi likirudi na namba ileile, seva irudishe jibu la kwanza, pamoja na stika ileile ya bima.