Ukumbi wa Wakulima: Anzeni na Hati

Kikundi cha wakulima kinachokutana chini ya mwembe kina haki ya kutamani paa. Masika ya Machi hadi Mei huvunja mikutano wakati uleule ambapo mbegu na mbolea zinahitaji kujadiliwa. Msimu wa korosho ukifika, hakuna pahali pa kukusanya mzigo na kupatana bei, basi kila mtu humuuzia kivyake dalali anayekuja na mizani yake mwenyewe. Ukumbi utasaidia sana, ila karatasi huuangusha ukumbi kabla ya mchwa.

Tuseme mzee mmoja wa Kikoneni, kaunti ya Kwale, Kenya, anawapa robo ekari. Mshukuruni, na saruji isubiri. Nendeni ofisi ya ardhi Kwale mkafanye sachi, mwone jina lililo kwenye hati. Ikiwa bado ni la marehemu baba yake, mirathi itangulie. Ikiwa shamba liko kwenye mpango wa makazi na mzee ana barua ya kugawiwa tu, hiyo bado si hati. Mkewe naye aulizwe mapema, na idhini yake iandikwe. Kisha kuna Bodi ya Udhibiti wa Ardhi: shamba la kilimo likigawanywa au kuhamishwa, hata kwa zawadi, idhini ya bodi ni lazima, na ombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini hiyo, makubaliano ni batili hata kama kijiji kizima kilishuhudia.

Hati iandikwe jina la nani? Kamwe isiwe la mwenyekiti. Akifariki, warithi wake watadai kilicho na jina la baba yao, na mahakama itawasikiliza. Kikundi cha watu 10 au zaidi husajiliwa kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii chini ya sheria ya vikundi vya jamii ya 2022. Kwa ardhi, mimi napendelea ushirika, ambao pia huanza na watu 10, kwa sababu ukisajiliwa huwa na nafsi ya kisheria na kumiliki mali kwa jina lake. Njia nyingine ni wadhamini waliosajiliwa.

Fedha za kaunti, za mfuko wa maendeleo wa eneo bunge (NG-CDF) au za kampuni zikija, andikianeni kabla ya msingi kuchimbwa: jengo ni la nani, na nani atalikarabati. Wafadhili huondoka. Base Titanium, iliyochimba madini Kwale kwa zaidi ya miaka 10, ilimaliza uchimbaji mwishoni mwa 2024.

Kwa hiyo ukumbi ujilishe. Bei ya kukodi kwa harusi, semina au mkutano ibandikwe ukutani, na mwanasiasa alipe sawa na wengine. Malipo yaingie kwenye nambari ya M-Pesa ya kikundi, isiwe simu ya mweka hazina, na daftari lisomwe kila mkutano. Funguo zishikwe na watu wawili, mmoja wao mwanamke. Chama cha wakulima cha Grange, kilichoanzishwa Marekani mwaka 1867 na kujenga kumbi vijijini, kiliwapokea wanawake kama wanachama kamili wenye kura tangu mwanzo. Kwetu, ambako kina mama ndio wanaobeba kazi nyingi ya shamba, kuwapa chai ya kupika tu ni dhuluma.

Makuti yana ubaridi mzuri, lakini mabati yanavuna maji. Paa la mita 10 kwa 8 hupata lita 80 kwa kila milimita moja ya mvua. Mvua ya milimita 25 ni karibu lita 2,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Wekeni mifereji na tangi tangu siku ya kwanza. Stoo ya mahindi iwe na mlango wake, mbali na dawa za shamba. Magunia yakae juu ya mbao, na mahindi yaingie yakiwa yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13 hivi, maana kwenye joto letu la pwani sumukuvu haikawii.

Ijumaa mchana, wakati wa swala, msipange mkutano. Matanga ya mwanachama yasitozwe, na hilo liandikwe kwenye katiba ya kikundi, ili mweka hazina asilazimike kuamua mbele ya wafiwa.