Kigugumizi: Anayejificha Huumia Zaidi

Abiria anataka kushuka Kangemi, lakini ulimi unagoma kwenye herufi ya kwanza. Makanga anamkodolea macho, abiria wengine wanageuka. Basi ananyamaza, anashuka Uthiru na kurudi kwa miguu. Wenye kigugumizi wengi wana kisa kama hiki, na hawamwambii mtu.

Kigugumizi si upungufu wa akili, wala hakiletwi na woga. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa na miaka 2 hadi 5, na mara nyingi kimo katika ukoo. Watoto wengi hupona. Kati ya watu wazima, takriban 1 katika kila 100 hubaki nacho, wengi wao wanaume. Woga huja baadaye, baada ya kuchekwa darasani.

Hapo ndipo taabu huzidi. Mtu huanza kukwepa simu na kubadilisha maneno. Lakini jina lake hawezi kulibadilisha, ndiyo maana kujitambulisha tu humtoa jasho. Kila akikwepa, woga hupata nguvu, misuli ya koo na midomo hukaza, na neno hukwama zaidi.

Kwa hiyo wataalamu wa matamshi humfundisha kutojificha. Kwanza aseme mapema: "Nina kigugumizi, nivumilie kidogo." Kisha hujizoeza kukwamisha neno kwa makusudi, mbele ya rafiki, halafu dukani, halafu kwa simu. Utashangaa, msomaji, kwamba mtu afunzwe kosa analolikimbia! Lakini mwenye duka akishampa mkate wake bila kujali, hofu hupungua. Na neno likikwama kweli, asilisukume. Alegeze midomo na kuanza tena pole pole.

Mfalme George VI wa Uingereza alianza kufunzwa na Lionel Logue mwaka wa 1926. Alipohutubia taifa kuhusu vita, Septemba 3, 1939, bado alisitasita, na watu walimsikiliza.

Nawe unayezungumza naye, usimmalizie neno wala usimwambie "pumua kwanza". Mtazame usoni, ungoje.

Mzazi, ikiwa mtoto amegugumiza kwa miezi 6, au anakunja uso akitafuta neno, usingoje aanze shule. Uliza katika hospitali kubwa kama kuna mtaalamu wa matamshi. Nyumbani usimkaripie, punguza wewe kasi ya kusema.